Kisiwa Tulichoendea Utulivu Kiliwahi Kuwa Jela

Tangu niweke zile picha za Anafi, swali ni moja tu: "Buda, doo ulitoa wapi?" Wacha nijibu hilo haraka ndio tuingie kwa stori yenyewe. Nilikuwa Ulaya kwa masomo ya muhula mmoja, visa ilikuwa tayari kwa pasipoti, na ukishaingia kule, kuzunguka na begi mgongoni si ghali vile watu hudhani. Tulikuwa wanne: mimi, msee mwingine wa Nairobi, dada mmoja wa Tanzania, na Mgiriki tuliyekuwa tukisoma naye. Tulilala juu ya feri kutoka Piraeus usiku mzima, nje, upepo ukitupiga. Tulikula mkate, nyanya na samaki wa mkebe. Hoteli sikuingia hata kuomba choo.

Anafi ni kisiwa kidogo cha Ugiriki, mashariki ya Santorini. Wakazi wake hawafiki 300. Kuna kijiji kimoja, Chora, kimekaa juu ya kilima kama kofia nyeupe. Kuna bandari ndogo chini, na fuo ambazo unafika kwa miguu. Hakuna uwanja wa ndege. Feri ikiondoka, imeondoka, na upepo ukichafuka hairudi siku hiyo. Sisi tulipiga hema ufuo wa Roukounas. Kisheria Ugiriki hairuhusu watu kupiga hema popote wanapotaka, lakini hapo tulikuta hema zingine kadhaa na mwenye kutufukuza hakutokea. Tulilala, tukaogelea, tukala tikitimaji, tukalala tena. Simu ziliisha moto na hakuna aliyejali.

Siku ya tatu, tukiwa tumejinyoosha kwa mchanga, yule msee wa Nairobi akasema, "Maze, mimi nikifungiwa hapa mwaka mzima, siwezi lia."

Yule Mgiriki hakucheka. Alisema tu, "Kuna watu walifungiwa hapa. Walilia."

Hapo ndipo stori hii ilianzia. Nilirudi nikasoma, na kadiri nilivyosoma ndivyo zile picha zangu zilivyoanza kunikaa vibaya.

Mwaka 1929 bunge la Ugiriki, chini ya Eleftherios Venizelos, lilipitisha sheria iliyojulikana kama Idionymon. Kwa ufupi, iliadhibu mawazo. Ukieneza fikra za kupindua mfumo wa jamii, yaani ukiwa mkomunisti au ukidhaniwa mkomunisti, ulienda ndani, halafu ukapelekwa kukaa mbali. Kisha tarehe 4 Agosti 1936 Ioannis Metaxas, akiungwa mkono na mfalme, alifunga bunge na kuwa dikteta. Kuanzia hapo wakamataji hawakuchagua. Walibeba wafanyakazi wa viwanda vya tumbaku, walimu, wanafunzi, madaktari, mawakili, wanawake kwa wanaume. Wengi hawakuona hakimu. Kulikuwa na kamati za usalama zilizokaa mezani, zikasoma jina lako, zikaamua kisiwa.

Na kisiwa kimojawapo kilikuwa Anafi. Vingine ni Folegandros, Ai Stratis, Ikaria. Fungua ramani uone: ni vile vile ambavyo leo ukitafuta "visiwa tulivu vya Ugiriki ambavyo watalii hawajaviharibu" vinakuja juu kabisa. Tena sababu ni ile ile. Viko mbali, watu ni wachache, meli ni za kubahatisha, na usipopanda meli hakuna mahali utaenda. Mwenye likizo akisikia hayo anaona raha, na dikteta akiyasikia anaona amepunguziwa gharama ya ukuta.

Wazo lenyewe halikuwa jipya. Warumi walilifanya karibu miaka 2000 iliyopita. Kuna kisiwa kinaitwa Gyaros, mwamba mtupu, maji shida, na Warumi walikitumia kutupa watu wasiowataka. Mwanafalsafa Musonius Rufus alitupwa huko na Nero mwaka 65. Kabla yake, kaisari Tiberius aliwahi kusema Gyaros ni pakavu mno na hapana watu, mshtakiwa mmoja apelekwe kisiwa kingine kilicho afadhali. Sasa, Tiberius si mtu wa kusifiwa kwa huruma. Akisema mahali ni pakali, amini.

Lakini nirudi Anafi, kwa sababu kuna kitu kuhusu hao wafungwa kilinigusa kuliko mateso yenyewe. Kule hawakuwekwa ndani ya seli. Walitupwa kijijini tu, na polisi wa kuwahesabu, na kaposho kadogo ka serikali ambako mtu mmoja peke yake hakuweza kujilisha nako. Kwa hivyo wakaungana. Waliunda ushirika: posho zikawekwa pamoja, chungu kikawa kimoja, na kila mtu akapewa zamu. Nani anapika, nani anachota maji, nani analeta kuni, nani anamwangalia mgonjwa. Waliojua kusoma waliwafundisha wasiojua. Daktari aliyetupwa kisiwani aliendelea kuwa daktari. Mwanaanthropolojia Margaret Kenna, ambaye alianza utafiti wake Anafi katikati ya miaka ya 1960, baadaye aliandika kitabu kizima kuhusu maisha haya, na kuna picha za siku zile: watu wamesimama kwa mistari, wamevaa vizuri, wanaangalia kamera kama darasa la sekondari siku ya kufunga shule.

Sisi wanne, nikiri hapa, tulishindwa na zamu ya maji siku ya pili. Tulikuwa na chupa sita na mdomo kila mtu. Nilipokuwa nasoma kuhusu wale waliopanga zamu kwa miaka, wakiwa na njaa, nikakumbuka nilivyokasirikia mtu kwa ajili ya kupanda mlima na chupa mbili.

Halafu kuna hili, na ndilo watu wa kisiwa wenyewe hawakulificha: wafungwa walikuwa biashara. Walipangisha nyumba za wanakijiji. Walinunua vitu dukani. Kwenye kisiwa ambako pesa taslimu ilikuwa adimu, ile posho ya serikali ilikuwa inazunguka mtaani. Yaani muda mrefu kabla ya sisi na mabegi yetu, kuna wageni waliokuja kwa meli, wakalipia vyumba Anafi, na kuacha hela kisiwani. Tofauti ni kwamba hawakuwa na tiketi ya kurudi.

Ya kurudi ilikuwepo, kusema kweli, ila bei yake si ya pesa. Ilikuwa karatasi. Uliandika tamko la kutubu, ukasema umeacha itikadi yako na unawakana wenzako, ukatia sahihi. Kisha hilo tamko linachapishwa gazetini, na pengine linasomwa kanisani kwenu kijijini, mama yako akiwa amekaa pale. Ukitia sahihi unarudi nyumbani, ila unarudi umevunjika. Ukikataa, unabaki na bahari yako.

Wakenya waliosoma historia yetu wanaijua hiyo mbinu. Miaka ya 1950 Waingereza waliwataka mahabusu wa Mau Mau wakiri kiapo ndio wasogezwe kambi moja hadi nyingine kuelekea nyumbani. Asiyekiri alibaki, au alipelekwa mbali zaidi. Na mbali zaidi, mara nyingine, palikuwa kisiwani: Mageta kule Ziwa Victoria, na Manda kule Lamu. Sisemi waliiga Wagiriki. Nasema serikali ikitaka kumvunja mtu bila watu kuona, macho yake hutua kwenye ramani penye maji pande zote.

Mwaka 1941 Wajerumani na Waitalia waliingia Ugiriki, na hapa ndipo mimi hukasirika zaidi. Ungedhani nchi ikivamiwa, mlango wa jela unafunguliwa ili kila mtu akapigane. Wafungwa wengi wa kisiasa Ugiriki hawakufunguliwa. Walikabidhiwa kwa wavamizi pamoja na funguo. Majira ya baridi ya 1941 kuelekea 1942 njaa iliua maelfu kwa maelfu ya watu nchini humo, na mtu aliyekuwa ametupwa kisiwani, anayetegemea chakula cha kuletwa na meli, unaweza kujijazia mwenyewe.

Vita viliisha, vikaanza vya wenyewe kwa wenyewe, 1946 hadi 1949. Hapo kikafunguliwa Makronisos, kisiwa kilicho karibu kabisa na pwani ya Attica, mkoa wa Athens. Kilikuwa kambi ya "kufunza upya" wanajeshi na raia wanaoshukiwa. Mshairi Yannis Ritsos alikuwa huko. Aliandika mashairi, akayaficha ndani ya chupa na kuyafukia ardhini. Na kijana mmoja mwanamuziki alikuwa huko, akateswa vibaya. Jina lake Mikis Theodorakis.

Hilo jina huenda hulijui, lakini muziki wake unaujua. Ile ngoma ya Kigiriki inayoanza polepole, tin-tin-tin, halafu inaenda ikiongeza kasi mpaka watu wanashindwa na miguu? Hiyo ni yake. Aliitunga kwa ajili ya filamu ya Zorba the Greek ya mwaka 1964. Kila mgahawa wa kitalii visiwani utaipigiwa, na watalii watashikana mabega wakidhani wanacheza kitu cha tangu enzi za Homer. Ule mtindo wa kucheza, sirtaki, ulibuniwa kwa ajili ya filamu hiyo. Anthony Quinn, mwigizaji mkuu, alisimulia mwenyewe kwamba mguu wake ulikuwa umeumia ndiyo maana alikuwa anauburuta badala ya kuruka. Yaani mila nzima imetokana na mguu mbovu. Sisi pia tuliicheza, Chora, usiku wa nne, na nitakuwa mwongo nikisema haikuwa tamu.

Sasa sikia kilichofuata. Tarehe 21 Aprili 1967 makanali wa jeshi walipindua serikali Ugiriki. Muda mfupi baadaye, mwezi Juni, jeshi lilipiga marufuku muziki wote wa Theodorakis, kuupiga na hata kuusikiliza. Agosti akakamatwa. Gyaros, ule mwamba wa Warumi, ukajazwa tena maelfu ya watu. Leros ikafunguliwa kambi mbili. Ritsos, mzee sasa, akabebwa tena, Gyaros kisha Leros.

Na ni miaka hiyo hiyo, wasee, hiyo hiyo kabisa, ndipo likizo ya begi mgongoni visiwani Ugiriki ilizaliwa.

Leonard Cohen alikuwa ameshanunua nyumba Hydra mwaka 1960, kwa dola 1,500 tu. Vijana wa Ulaya na Marekani walikuwa wanateremka kusini kutafuta jua na maisha ya bei rahisi. Kule Matala, Krete, walihamia ndani ya mapango yaliyochongwa enzi za Warumi kuwa makaburi, wakayatandika blanketi na kupiga gitaa. Julai 1968 jarida la Life la Marekani liliwaandikia stori kubwa, na baada ya hapo kila kijana akataka kwenda. Joni Mitchell alikaa pale mwaka 1970. Mwaka 1972 reli za Ulaya zikaleta tiketi ya Interrail: kijana wa miaka 21 kwenda chini angeweza kuzunguka nchi 21 kwa tiketi moja. Treni hadi Athens, feri Piraeus, kisiwa. Hiyo njia tuliyopita sisi ilipigwa na nyayo za hao.

Serikali ya kijeshi ilitaka watalii. Ilitaka pesa zao, na ilitaka waseme nyumbani kwamba Ugiriki ni shwari. Nywele ndefu na mapango haikuzipenda, na watu wa Matala walikuja kuondolewa, lakini hoteli ilizipenda sana. Kwa hivyo fikiria kiangazi kimoja cha wakati huo, bahari ni moja ya Aegean. Kwenye feri hii kuna kijana wa Amsterdam anakwenda kulala ufuoni. Kwenye meli ile kuna mwalimu wa Thessaloniki amefungwa pingu. Wote wawili wanaona kisiwa kikijitokeza asubuhi, cheupe, kizuri. Utawala ule ulianguka Julai 1974. Watalii walibaki.

Simlaumu yule kijana wa Amsterdam. Hakujua, na wengine waliokuja wakajua walirudi kwao wakapiga kelele. Ninachouliza ni mbona sisi, tulio na kila kitu kwenye simu, bado tunauziwa visiwa hivi kama vilivyokuwa vinatusubiri tu tangu mungu Apollo.

Maana hata huo utupu wenyewe una sababu. Anafi ilikuwa na watu wakaondoka. Athens ilipofanywa mji mkuu mwaka 1834, mfalme Otto alihitaji mafundi wa kumjengea jumba na mji, na waashi wa Anafi walikuwa hodari. Walikwenda. Walijijengea vibanda chini ya mwamba wa Acropolis wenyewe, kwa mtindo wa kwao: vyeupe, vidogo, vichochoro vya kupita mtu mmoja. Mtaa huo uko mpaka leo na unaitwa Anafiotika, ingawa serikali ilibomoa sehemu yake kwa ajili ya uchimbaji wa mambo ya kale. Zimebaki nyumba 45 hivi. Tulipita pale siku ya mwisho. Ni kama mtu wa Murang'a alikuja Nairobi kujenga reli halafu akajengea familia boma la kwao nyuma ya bunge.

Santorini nayo, jirani, ile ya picha za machweo. Zile nyumba za mapangoni zenye madimbwi ya kuogelea, ambazo usiku mmoja unamaliza ada yako ya chuo, zilichimbwa kwenye majivu ya volkano na watu wasio na pesa. Manahodha wenye meli walijenga juu, mabaharia wao wakachimba chini. Tarehe 9 Julai 1956, alfajiri, tetemeko liliua watu 53 na kuangusha au kuharibu nyumba kwa maelfu. Watu wengi wakahamia Athens na wengi wao hawakurudi. Kijiji cha Oia kikabaki mahame. Ni kuanzia miaka ya 1970 ndipo shirika la utalii la serikali lilianza kukarabati yale mapango kuwa nyumba za wageni. Februari 2025 ardhi ilipoanza kutikisika tena mfululizo, watu zaidi ya 10,000 waliondoka kisiwani kwa siku chache, na picha za foleni bandarini zilikuwa za wakazi na wafanyakazi.

Wale waliobaki visiwani sasa wanapigania nafasi na sisi. Nchi ina watu milioni 10 na kidogo, na kwa mwaka inapokea wageni zaidi ya milioni 30. Mwalimu au daktari akipangiwa kazi kisiwani anakosa nyumba ya kupanga, kwa sababu kila chumba kinasubiri mgeni wa kiangazi. Mwaka 2023 wakazi wa Paros walikusanyika ufuoni na taulo zao kudai mchanga uliojazwa viti vya kukodisha, ilhali kisheria ufuo ni wa umma. Mtu wa Pwani yetu ambaye ameshawahi kuzuiwa na askari wa hoteli akienda kuogelea haihitaji kuelezwa hii.

Na jela haijaisha, imebadilisha wafungwa tu. Leros iangalie vizuri. Majengo ya kambi ya wanamaji wa Italia. Kuanzia 1957, hospitali ya wagonjwa wa akili ambayo baadaye ilikuja kuwa aibu ya Ulaya nzima. Kati ya 1967 na 1971, kambi za makanali. Kule Partheni wafungwa walichora picha za watakatifu ndani ya kikanisa kimoja, na bado zipo ukutani. Kuanzia 2016, kituo cha wakimbizi. Mwaka 2015 peke yake watu zaidi ya 800,000 walifika Ugiriki kwa bahari, Wasiria na Waafghani wengi, na Waafrika wakiwemo. Samos ilifunguliwa kituo cha kufungiwa, na nyaya na kamera, Septemba 2021.

Hii ndiyo iliyonikaba, kwa sababu pasipoti yangu ni ya Kenya. Bandarini Piraeus, kati yetu wanne, maafisa waliuliza karatasi za watatu. Mgiriki alipita akiendelea kuongea. Tulikuwa na visa, tukarudishiwa pasipoti, tukapanda. Dakika tano. Lakini katika hizo dakika tano nilielewa kwamba tofauti kati ya mgeni wa likizo na mtu wa kituo cha Samos, kwa anayetuangalia kutoka mbali, ni stika moja kwenye ukurasa wa pasipoti.

Bado nasema nendeni Anafi mkipata nafasi. Bebeni maji ya kutosha. Mpande Chora jioni, na mkimpata shosho amekaa mlangoni mpeni hai, watu wale ni wakarimu sana. Mkiweza muulizeni wapi wafungwa waliishi. Sisi tulimwuliza mmoja, yule mwenzetu akitafsiri. Alinyoosha kidole kwenye nyumba tatu nne, akaturudishia kidole kwenye ya kwake.

Desemba hii naenda Lamu. Uwanja wa ndege wa Lamu, kama ulikuwa hujui, uko kisiwa cha Manda. Unatua pale ndipo unavuka kwa boti. Nimeshawahi kutua mara mbili na sikuwahi kumwuliza mtu kambi ilikuwa upande gani.